Nafuu Isiyo Nafuu: Akili Mnemba na Andalio la Somo

Andalio la somo ni maandishi mafupi ambayo mwalimu huyatunga kabla ya kuingia darasani. Hueleza kipindi kinalenga nini, wanafunzi watafanya nini tangu dakika ya kwanza hadi ya mwisho, zana gani zitatumika, na mwalimu atatambuaje kama somo limeeleweka. Nchini Tanzania huchotwa katika azimio la kazi, nalo azimio huchotwa katika muhtasari wa somo unaotolewa na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET). Nchini Kenya mfuatano ni uleule, ila mtaala hutoka katika Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) na andalio huitwa pia mpango wa somo. Kazi hii haionwi na mwanafunzi wala mzazi. Hufanywa usiku, au asubuhi katika chumba cha walimu, na anayeiona ni mtaaluma au mkuu wa shule anayetia saini, na siku moja moja mthibiti ubora wa shule.

Tangu ChatGPT ilipotolewa kwa umma Novemba 2022, kazi hiyo imepata njia ya mkato. Mwalimu huandika kwenye simu jina la mada, darasa na muda wa kipindi; kabla hajaketi vizuri, andalio limekamilika kuanzia umahiri mkuu hadi tathmini. Kutokana na wepesi huo imeenea rai kwamba akili mnemba ndiyo mkombozi wa mwalimu: itamtua mzigo wa maandalizi, itainua ubora wa masomo, na itampa kila mtoto mwalimu wake binafsi. Rai hiyo husikika katika semina za walimu, katika mikutano ya wadau wa elimu na katika hotuba za viongozi. Ni rai yenye makosa, na watakaoyalipia makosa hayo ni watoto.

Rai yenyewe

Wanaoitetea wana hoja nne, na zinastahili kusemwa kama wao wenyewe wangezisema.

Ya kwanza ni muda. Mwalimu mwenye vipindi vingi, madaftari ya kusahihisha na zamu za kusimamia shule hana saa za kuandaa kila somo kwa utulivu, na upo ushahidi kwamba zana hizi humpunguzia kazi. Nchini Uingereza, taasisi ya Education Endowment Foundation ilitoa Desemba 2024 matokeo ya jaribio lililohusisha walimu 259 wa sayansi katika shule 68 za sekondari. Waliotumia ChatGPT pamoja na mwongozo maalumu walipunguza muda wa maandalizi kwa asilimia 31. Jopo lililosoma sampuli za maandalizi bila kujua zimetoka kundi gani halikuona tofauti ya ubora.

Ya pili ni usawa. Mwalimu wa shule ya pembezoni, asiye na maktaba wala mwenzake wa kumuuliza, hupata kwa simu yake kile ambacho mwalimu wa shule tajiri ya mjini amekuwa nacho siku zote. Ya tatu ni darasa lenyewe. Mwalimu mmoja hawezi kumfuata kila mtoto kwa mwendo wake, mashine inaweza. Juni na Julai 2024, Benki ya Dunia iliunga mkono jaribio huko Benin City, jimbo la Edo nchini Nigeria, ambapo wanafunzi wa sekondari walijifunza Kiingereza kwa kutumia zana ya akili mnemba iitwayo Copilot baada ya saa za masomo kwa wiki sita. Walipopimwa waliwazidi wenzao kwa kiwango ambacho majaribio machache ya elimu hukifikia. Ya nne ni wakati: dunia imekwisha kuhamia huko, UNESCO ilitoa mwongozo wake mwaka 2023 na mfumo wa umahiri wa walimu mwaka 2024, na nchi itakayosita itaachwa nyuma.

Hoja hizi hazitoki kwa watu wasiojali elimu. Wengi wa wanaozitoa wameona madarasa yaliyofurika na walimu waliochoka, na wanatafuta msaada popote ulipo. Tatizo ni kwamba kila hoja, ikifuatwa hadi mwisho wake, inamrudisha mwalimu pale alipokuwa au nyuma zaidi.

Kwanza: muda unaookolewa

Asilimia 31 huvutia mpaka igeuzwe kuwa dakika. Katika jaribio la Uingereza, walimu wasiotumia zana waliandaa masomo ya madarasa yaliyohusika kwa dakika 81.5 kwa wiki. Waliozitumia waliandaa kwa dakika 56.2. Kilichopatikana ni dakika 25 kwa wiki. Hao ni walimu wenye intaneti ya uhakika, kompyuta mezani, na watoto wa miaka 11 hadi 13 waliogawanywa katika madarasa ya ukubwa unaovumilika.

Kuna tarakimu nyingine inayopendwa zaidi. Katika uchunguzi wa Gallup na Walton Family Foundation uliotolewa mwaka 2025, walimu wa Marekani wanaotumia zana hizi kila wiki walikadiria kuwa wanaokoa karibu saa sita kwa wiki. Uchunguzi huo ulihusu kazi zote za mwalimu, si maandalizi peke yake, kwa hiyo haupimi kitu kilekile. Lakini ni makadirio ya wahusika wenyewe, hali dakika 25 zilitokana na jaribio lenye kundi la kulinganishia. Anayeahidi walimu saa, huku kipimo kilichofanywa kwa uangalifu kikionesha dakika, anawadai imani ambayo hajaitolea ushahidi.

Swali zito zaidi ni mzigo huo umetoka wapi. Kinachomlemea mwalimu wa Tanzania au Kenya si kulifikiria somo. Kinachomlemea ni nyaraka. Kuna azimio la kazi, andalio, nukuu za somo, shajara la somo, daftari la mahudhurio na orodha za alama. Kenya kuna rekodi ya kazi iliyofundishwa, rekodi za maendeleo ya mwanafunzi, na ushahidi unaotakiwa na mfumo wa kutathmini utendakazi wa walimu (TPAD) wa Tume ya Huduma za Walimu. Walimu na vyama vyao wamelalamikia wingi huo kwa miaka, na malalamiko yao ni ya haki. Katika shule nyingi andalio huandikwa kwa mkono ndani ya daftari maalumu, likiwa na vipengele vilevile vinavyorudiwa kila siku, ili saini ipatikane.

Hapa ndipo hoja ya muda inapojipinga yenyewe. Ikiwa andalio ni kazi muhimu ya kitaaluma, basi kumwachia mtu au chombo kisichoijua shule ni kumnyima mwalimu kazi yake ya msingi. Ikiwa ni fomu isiyo na uzito, ambayo mashine huijaza na mkaguzi asitambue, basi dawa ni kuifuta au kuifupisha. Watetezi wa akili mnemba hawachagui upande. Wanaacha fomu ibaki jinsi ilivyo, mkaguzi abaki jinsi alivyo, na katikati wanaweka mashine ya kutengeneza kurasa. Mwalimu anaonekana ametimiza, mkaguzi anaonekana amekagua, na hakuna kilichofikiriwa na yeyote kati yao. Waswahili wanalo jina la mpango wa namna hiyo: funika kombe mwanaharamu apite.

Madhara yake hayaishii hapo. Nyaraka zikianza kupatikana kwa sekunde, hakuna kitakachomzuia anayezidai kudai zaidi. Leo anataka andalio la ukurasa mmoja. Kesho atataka la kurasa nne lenye viambatisho, kwa kuwa halimgharimu mtu. Dakika 25 zitaliwa na mahitaji mapya, na mwalimu atakuwa amepoteza hata ile hoja yake ya zamani kwamba makaratasi yamezidi.

Pili: andalio ni kufikiri

Hili ndilo kosa la msingi la rai nzima, na linahitaji mfano.

Katika hisabati ya shule ya msingi ipo mada ya kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Mwalimu anakusudia kufundisha theluthi moja jumlisha robo moja. Akikaa na kalamu, atakumbuka kwamba watoto wengi watajumlisha kiasi na kiasi, asili na asili, na kuandika sehemu mbili ya saba. Atajiuliza kwa nini wanafanya hivyo, na ataona kwamba wanaziona namba nne zilizokaa pamoja badala ya kuona sehemu mbili za kitu kimoja. Akiendelea kufikiri atagundua jambo la kumsaidia: mbili ya saba ni ndogo kuliko theluthi moja. Maana yake mtoto amejumlisha na kupata jibu dogo kuliko kimojawapo cha alivyovijumlisha. Hiyo ni njia ya kumfanya mtoto alikatae jibu lake mwenyewe kabla mwalimu hajalikataa. Kisha atachagua zana: mstatili wenye miraba 12 uliochorwa ubaoni, ambapo theluthi ni miraba minne na robo ni miraba mitatu. Kwa nini 12, si 10? Swali hilo litaulizwa na mtoto fulani, na mwalimu atakuwa amekwisha kukutana nalo.

Yote hayo yametokea kichwani mwa mwalimu katika dakika kumi. Karatasi iliyobaki ni alama tu ya safari hiyo. Mashine ikiombwa, inaweza kuorodhesha kosa la mbili ya saba na hata kupendekeza mstatili. Lakini mwalimu aliyesoma orodha hajafanya kazi ya kulitafuta kosa, na darasani, mtoto anapokuja na kosa la pili ambalo halimo katika orodha, mwalimu huyo hana mazoezi ya kulichambua papo hapo. Uwezo wa kufundisha hujengeka kwa kujiuliza mtoto atakwama wapi, tena na tena, kipindi baada ya kipindi. Mwaka 1986 Lee Shulman wa Marekani aliandika kuhusu ujuzi wa aina hii: si kulijua somo tu, wala si kujua mbinu za kufundisha tu, bali kujua jinsi somo hili linavyopaswa kugeuzwa ili liingie katika akili za wanafunzi hawa. Ujuzi huo haupakuliwi.

Afrika Mashariki haikuhitaji kuambiwa hayo na Marekani. Mradi wa SMASSE ulioanzishwa Kenya mwaka 1998 kwa ushirikiano na Japani ulijenga mafunzo ya walimu wa hisabati na sayansi juu ya hatua nne: panga, tenda, tazama, boresha. Nyuma yake kulikuwa na desturi ya walimu wa Japani ambao huweza kukaa pamoja kwa wiki kadhaa kuandaa somo moja, mmoja wao akalifundisha huku wenzake wakitazama, kisha wote wakarudi mezani kulirekebisha. Tanzania nayo ina Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA), ambayo huwakutanisha walimu katika jumuiya za kujifunza shuleni kwao ili wajadili mada ngumu. Mipango yote hii imesimama juu ya imani moja, kwamba maandalizi ni mahali ambapo mwalimu hukua. Serikali inayogharimia MEWAKA kwa mkono mmoja na kuwahimiza walimu kuiachia mashine maandalizi kwa mkono mwingine inabomoa inachokijenga.

Andalio pia lina sehemu ya mwisho, ya tathmini na maoni, ambayo hujazwa baada ya kipindi. Wengi huijaza kwa sentensi moja iliyozoeleka, kwamba somo limeeleweka vizuri. Ikijazwa kwa uaminifu, ndiyo sehemu yenye thamani kuliko zote: inasema watoto kumi na wawili wa mstari wa nyuma bado wanachanganya asili na kiasi, na kwamba kesho lazima kuanzie hapo. Andalio la kesho huzaliwa na maoni ya leo. Zana inayotoa maandalizi ya muhula mzima kwa mkupuo inaukata uzi huo, kwa sababu imekwisha kuandika somo la Ijumaa kabla ya mtu yeyote kujua Jumatatu imekwendaje.

Anayeumia zaidi ni mwalimu mgeni kazini. Mwanafunzi wa ualimu anapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, andalio ndilo jambo linalomtesa kuliko yote, na mateso hayo yana faida. Ndipo anapogundua kwa mara ya kwanza kwamba mada aliyodhani anaijua haijui, kwamba dakika 40 ni chache, kwamba swali aliloliandaa halina jibu moja. Mwalimu wa miaka ishirini akitumia mashine, anaihakiki kwa kile alichojifunza bila mashine. Kijana anayeanza nayo hana kitu cha kuihakikia. Miaka kumi ijayo huyo ndiye atakayekuwa mtaaluma, ndiye atakayetia saini maandalizi ya wengine.

Tatu: usawa usiokuwapo

Inasemwa kwamba zana hizi zitamsaidia zaidi mwalimu dhaifu na shule maskini. Ukweli ni kinyume. Ili kupata andalio la maana kutoka kwa mashine, mtu anapaswa kuieleza ukubwa wa darasa, vitabu vilivyopo, lugha wanayoimudu wanafunzi, walichokosea wiki iliyopita; kisha asome jibu kwa jicho la kukosoa. Anayeweza kufanya hivyo ni mwalimu mzuri ambaye angeliandika andalio hilo mwenyewe. Asiyeweza hupokea kinachokuja. Zana ambayo makosa yake huonekana tu na asiyeihitaji haileti usawa.

Na makosa yapo, hasa pale ambapo maandishi ni machache. Zana hizi zimefunzwa kwa maandishi mengi, na sehemu kubwa ya maandishi hayo ni ya Kiingereza. Zimekutana na maelfu ya chambuzi za tamthilia za Shakespeare, lakini *Joka la Mdimu* ya Abdallah Safari au *Watoto wa Mama N'tilie* ya Emmanuel Mbogo hazijaandikiwa mengi mtandaoni. Zikiulizwa kuhusu kazi ambayo hazijaiona vya kutosha, hazinyamazi. Hujibu kwa lugha iliyonyooka, na huweza kuzua mhusika au tukio lisilokuwamo kitabuni. Mwalimu wa fasihi aliyekisoma kitabu atacheka. Ambaye shule yake ina nakala moja, tena iliyochanika, ataliandika ubaoni, na watoto watalipeleka kwenye chumba cha mtihani.

Mitaala nayo hubadilika. Mitaala mipya ya Tanzania ilianza kutumika Januari 2024, nyaraka za mtaala wa zamani zikiwa bado zimetapakaa kila mahali. Mashine haina sababu ya kupendelea mpya. Upo pia mfano mdogo kutoka madarasa ya chini: somo la kusoma saa. Mtoto wa Kiswahili huhesabu saa za mchana tangu kuchomoza kwa jua, kwa hiyo kengele ya saa mbili asubuhi inapogonga, simu ya mzazi wake inaonesha 8:00. Kwake somo lote limejificha katika tofauti hiyo ya saa sita. Andalio lililosukwa kutokana na masomo ya watoto wa Ulaya au Marekani halina sababu ya kuigusa, kwa kuwa huko tofauti hiyo haipo.

Kuhusu gharama, vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 nchini Tanzania viligawiwa kwa walimu. Lilikuwa jambo jema. Lakini kishikwambi bila bando hakifiki popote, na penye shule isiyo na bajeti ya intaneti bando hununuliwa kwa mshahara wa mwalimu. Zana bora za akili mnemba hulipiwa kwa mwezi, kwa dola. Za bure huwa na mipaka. Shule ya kulipia ya mjini itapata iliyo bora na shule ya kata itapata masalio, kama ilivyokuwa kwa maabara na maktaba.

Watetezi makini wana jibu hapa, nalo lisirukwe. Wanasema miongozo iliyoandikwa na wengine imekwisha kufaulu: mpango wa Tusome wa Kenya, uliosambazwa katika shule za msingi za umma kuanzia mwaka 2015 kwa ufadhili wa Marekani, uliwapa walimu wa madarasa ya chini mwongozo wa kila somo, na watoto wakasoma vizuri zaidi. Ni kweli. Ila Tusome haikuwa mwongozo peke yake. Kila mtoto alipata kitabu chake, na masomo katika mwongozo yalifuatana na kurasa za kitabu hicho. Miongozo ilitokana na mradi wa majaribio uliotangulia, uitwao PRIMR, uliofanyiwa kazi kwa miaka kadhaa. Maofisa wa kusaidia mtaala walikwenda madarasani, wakakaa nyuma, wakatazama, wakazungumza na mwalimu baada ya kipindi. Andalio la mashine halina kitabu linachofuatana nacho, halikujaribiwa na mtu, na hakuna anayekuja kutazama. Anayetumia Tusome kuitetea akili mnemba amechukua jina la mafanikio na kuacha sababu zake.

Nne: mwalimu binafsi wa kila mtoto

Jaribio la Benin City linanukuliwa mara nyingi kuliko linavyosomwa. Wanafunzi wake walikuwa katika vyumba vya kompyuta, baada ya masomo, walimu wakiwa pamoja nao kuwaongoza. Kundi lililolinganishwa nao halikupewa vipindi vya ziada vya namna nyingine. Kwa hiyo jaribio linaonesha kwamba watoto waliopata wiki sita za masomo ya ziada, mwalimu na kompyuta waliwazidi waliokwenda nyumbani. Ni kiasi gani cha faida hiyo kilitokana na mashine, mpangilio huo hauwezi kusema.

Jaribio lililotenganisha mambo vizuri zaidi lilifanywa Uturuki na kuchapishwa mara ya kwanza mwaka 2024, likihusisha wanafunzi wa sekondari wapatao elfu moja katika hisabati. Waliopewa zana ya kawaida ya mazungumzo walifanya vizuri zaidi kwa asilimia 48 wakati wa mazoezi. Zana ilipoondolewa na mtihani ukaja, walifanya vibaya kwa asilimia 17 kuliko wenzao ambao hawakuwahi kuigusa. Kundi la tatu, lililopewa zana iliyowekewa vizuizi na vidokezo vilivyoandaliwa na walimu, lilifanya vizuri sana katika mazoezi, lakini kwenye mtihani halikuwapita wasiokuwa na zana. Matokeo hayo yanapaswa kubandikwa katika kila ofisi ya elimu. Mtihani wa taifa hufanywa bila simu, na maisha mengi pia.

Kenya ilikuwa na ushahidi wake hata kabla ya zana hizi kuzaliwa. Wakati wa PRIMR, watafiti walijaribu katika eneo la Kisumu kuongeza teknolojia juu ya mpango wa kawaida wa kusoma: katika kundi moja vishikwambi vilikwenda kwa maofisa wanaowasaidia walimu, katika jingine kwa walimu, na katika la tatu wanafunzi walipewa vifaa vya kusomea vitabu. Makundi yote matatu yaliendelea vizuri kuliko shule zisizokuwa na mpango wowote, lakini hakuna lililouzidi kwa kiasi cha maana mpango wa kawaida wa vitabu, miongozo na kutembelewa, ambao ulikuwa wa bei ndogo zaidi.

Na mtoto huyo anayesubiriwa na mwalimu wake binafsi ataongea naye kwa kifaa gani? Wanafunzi wa shule za serikali nchini Tanzania hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, yapo madarasa ya shule za msingi yenye watoto zaidi ya mia, wengine wakiwa chini sakafuni. Penye upungufu wa madawati, mazungumzo ya mashine kwa kila mtoto ni ahadi inayotolewa ili upungufu wa walimu usizungumzwe.

Tano: hofu ya kuachwa

Hoja ya wakati ni ya zamani, na historia yake haiwapi moyo wanaoitumia. Mwaka 1964 visiwa vya American Samoa viliweka televisheni madarasani, masomo makuu yakafundishwa kutoka studio na walimu wakageuzwa wasaidizi wa kioo. Katika miaka ya 1970 mpango ulififia na walimu wakarudi mbele ya ubao. Peru ilinunua mamia ya maelfu ya kompyuta ndogo za mpango wa One Laptop per Child. Tathmini ya mwaka 2012 haikuona kupanda kwa alama za hisabati wala lugha. Kenya iliahidiwa kompyuta za darasa la kwanza katika kampeni za 2013, vikaja vishikwambi kuanzia 2016. Kila mara lugha ilikuwa ileile: anayesita ataachwa. Hakuna aliyeachwa na televisheni ya Samoa.

Sita: yasiyotajwa

Mwalimu anapobandika majina ya wanafunzi na alama zao kwenye zana ya kampuni ya nje ili imtengenezee ripoti, taarifa za watoto zimevuka mpaka bila mzazi kujua. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Semina zinazowafundisha walimu kuandika maagizo kwa mashine zinapaswa kuanza na sheria hizo.

Lipo pia suala la imani. Mwalimu anayemwadhibu mwanafunzi kwa insha iliyoandikwa na simu, ilhali andalio lake mwenyewe limeandikwa na simu, hana pa kusimamia. Wanafunzi wa sekondari hutambua haraka kuliko watu wazima wanavyodhani.

Yanayopaswa kudaiwa

Wizara za elimu na tume za walimu zina uwezo wa kumpa mwalimu nafuu ya kweli, tena bila kununua leseni yoyote. Ziruhusu andalio la nusu ukurasa kwa mwalimu mzoefu: lengo, kosa linalotarajiwa, swali la kupima. Ziwaagize wathibiti ubora waache kuhesabu vipengele vya daftari na wakae nyuma ya darasa kipindi kizima. Zitenge saa moja kwa wiki, ndani ya ratiba na si baada yake, ili walimu wa somo moja waandae pamoja kipindi kimoja. Zikataze mashine katika maandalizi ya wanafunzi wa ualimu walioko kwenye mazoezi, mpaka watakapothibitisha kwamba wanaweza kuandaa bila hiyo. Na fedha yoyote ya umma inayotafutiwa matumizi katika akili mnemba ipelekwe kwanza kwenye kitabu kimoja kwa kila mtoto na mwalimu mmoja zaidi kwa kila darasa lililofurika. Wazazi na vyama vya walimu wasikubali leseni ya kwanza inunuliwe kabla ya hayo kutekelezwa.